Barua Ikisema Damu Imeonekana: Kamera ya Utumbo Inatafuta Nini



Ukifika miaka 50 katika nchi hii, na jina lako likiwa Medicare, serikali inakutumia kwa posta kifurushi cha kuchukulia sampuli ya choo chako mwenyewe. Wengi wetu tunapokiona mara ya kwanza tunadhani ni matangazo ya biashara, au kuna mtu anatutania. Kinaishia kwenye pipa pamoja na karatasi za pizza. Na si wageni peke yetu: katika Australia nzima, kati ya watu 10 wanaotumiwa kifurushi hiki, wanaokirudisha ni kama 4 tu.

Leo sitakaa sana kwenye kifurushi. Nataka kuzungumza na wale waliokirudisha, kisha wakapokea barua inayosema damu imeonekana na wamwone daktari. Kwa kazi yangu, hapo ndipo ninapowapoteza watu. Barua inafika, mtoto anamsomea mzazi, neno kansa linatajwa, na mzazi anaikunja barua na kuiweka chini ya Biblia au msahafu. Hamwambii mtu. Miezi inapita. Nikimtembelea kwa jambo lingine kabisa, labda la nyumba au shule ya watoto, ndipo ninaiona bahasha.

Kinachomzuia si uvivu. Ni hofu mbili zilizokaa pamoja: hofu ya ugonjwa, na aibu ya kipimo chenyewe, maana anasikia kwamba kamera inapita njia ya haja kubwa. Hofu zote mbili zinapungua mtu akijua kamera hiyo inatafuta nini na inafanya nini ikikipata. Kwa hiyo tuanze na damu.

Damu hiyo inatoka wapi

Kipimo cha nyumbani kinatafuta damu kidogo sana ambayo jicho halioni. Hakisemi inatoka wapi wala kwa nini. Katika kila watu 100 wanaorudisha kifurushi, kama 6 au 7 hupata jibu kwamba damu imeonekana, na wengi wao hawana kansa. Wengine wana bawasiri, ile ambayo ndugu zetu wa Kongo na Burundi huiita hemoroide. Wengine wana kidonda au uvimbe wa ukuta wa utumbo. Wengine wana polipu, ambayo nitaieleza hivi punde.

Sisi tuliotoka pwani za maziwa makuu tuna sababu moja zaidi ambayo daktari aliyesomea Sydney huenda asiifikirie haraka: kichocho. Kama ulikulia Uvira, Baraka, Kigoma, Rumonge, au ulioga na kufua ziwani Victoria, unajua kichocho kinachotoa damu kwenye mkojo. Kipo pia kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hukaa kwenye ukuta wa utumbo mpana, hutoa damu na wakati mwingine huotesha vinyama. Wengi wetu hupimwa damu kwa ajili yake katika uchunguzi wa afya wa miezi ya kwanza baada ya kufika. Kama hukumbuki kupimwa, mwambie GP wako ulikulia wapi na ulikuwa ukitumia maji gani. Ni sentensi moja tu, na inaweza kubadilisha vipimo anavyoagiza.

Ila hapa kuna mtego. Nimeshasikia watu wazima wenye akili zao wakisema, "Ni bawasiri tu, ninayo tangu kambini." Inawezekana kweli unayo. Lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na polipu kwa wakati mmoja, na damu haina jina la mwenyewe. Njia ya kujua ni kuingia na kuangalia.

Polipu ni nini, na kwa nini miaka 10 ni muhimu

Polipu ni kinyama kidogo kinachoota kwenye ngozi ya ndani ya utumbo. Nyingine zina shina kama uyoga. Nyingine zimelala bapa kama chapati ndogo iliyobandikwa ukutani, na hizi ndizo ngumu kuonekana. Polipu nyingi hazigeuki kansa maisha yote. Lakini kansa nyingi za utumbo mpana zilianza kama polipu, na safari hiyo kwa kawaida huchukua kama miaka 10.

Fikiri maana ya muda huo. Kansa ya utumbo ni ya pili kwa kuua kati ya kansa zote Australia, baada ya ile ya mapafu. Lakini ikigunduliwa mapema, zaidi ya watu 90 kati ya 100 hutibiwa wakapona. Na polipu ikiondolewa kabla haijageuka, hakuna kansa ya kutibu. Ndiyo maana serikali inagharamia jambo hili kwa watu ambao hawajisikii ugonjwa wowote. Huko tulikotoka, kamera ya utumbo iko katika hospitali chache kubwa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam au zile za Nairobi, na anayeifikia mara nyingi ameshaanza kukonda na kutapika. Tumezoea kuhusisha kipimo hiki na mgonjwa mahututi. Hapa hufanyiwa pia mtu anayetoka kazini Ingleburn na atakayerudi kazini keshokutwa.

Kamera inaona vipi

Kipimo chenyewe kinaitwa kolonoskopi. Ni bomba laini linalopinda, unene wake kama kidole, lenye taa na kamera ndogo kwenye ncha. Ndani yake kuna njia ya kupitisha maji, hewa na vifaa vyembamba. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Daktari hulipeleka bomba hadi mwisho wake, pale utumbo mwembamba unapoingilia, kisha hulirudisha polepole. Kazi kubwa ya kuangalia hufanyika wakati wa kurudi, na viwango vya Australia vinataka daktari asitumie chini ya dakika 6 kwa kuangalia huko.

Mwaka 1969, madaktari wawili wa New York, William Wolff na Hiromi Shinya, walianza kukata polipu kwa kupitia bomba hili. Kabla ya hapo, polipu iliyo mbali ndani ilimaanisha kupasuliwa tumbo.

Tangu hapo kilichobadilika zaidi ni jicho. Madaktari wa kwanza waliona ukuta wa rangi ya waridi na vinundu juu yake, basi. Kuona kinundu si kujua ni kinundu cha aina gani. Walilazimika kukata kipande, kukipeleka maabara, na kungoja. Leo kamera huonyesha picha kali sana, inaweza kukuza kitu kidogo kikajaa kioo kizima, na inaweza kubadilisha mwanga.

Mwanga huo ndio unaonivutia mimi. Umewahi kumwona mwenye duka akiiweka noti chini ya taa ya zambarau? Noti ni ileile, lakini taa inatoa kitu ambacho mwanga wa kawaida unakificha. Kwenye kolonoskopi daktari hubonyeza kitufe, na badala ya mwanga mweupe inabaki buluu na kijani tu. Damu hunywa rangi hizo mbili. Kwa hiyo mishipa midogo ya damu, ambayo kwenye mwanga mweupe imezama katika waridi, inajitokeza ghafla kama mistari ya kahawia. Na polipu yenye hatari hujijengea mishipa yake, maana chochote kinachokua kinahitaji chakula. Hivyo inaonekana ya kahawia kuliko ukuta unaoizunguka. Kampuni ya Olympus ya Japani iliingiza mwanga huu kwenye mashine zake katikati ya miaka ya 2000, na sasa kampuni nyingine zina za kwao.

Njia ya zamani zaidi bado inatumika: kunyunyiza rangi ya buluu. Umwage maji kwenye uwanja wa udongo ulioonekana tambarare, utaona mara moja wapi pana mabonde. Rangi hufanya vivyo hivyo, inatuama kwenye vitundu vidogo mno vilivyo juu ya ngozi ya utumbo. Daktari wa Japani, Shin-ei Kudo, alivisoma vitundu hivyo katika miaka ya 1990 na kuvipanga kwa umbo. Vya duara vilivyojipanga vizuri ni ngozi ya kawaida. Vya umbo la nyota mara nyingi havina ubaya. Vikiwa virefu kama mirija, au vimejikunja kama ubongo, hiyo ni polipu ya kuondoa. Na umbo likivurugika kabisa, kama kitambaa kilichotafunwa na panya, daktari anaogopa kansa iliyokwisha kushuka chini.

Kwa mwanga wa buluu na kijani kuna mpango mwepesi zaidi, wa makundi 3, na nadhani inafaa uujue kwa sababu ndio unaoamua utakavyoamka. Kundi la kwanza lina rangi sawa na ukuta au nyepesi zaidi. Hilo halielekei kansa, na vidogo vyake vilivyo mwisho wa utumbo vinaweza kuachwa. Kundi la pili ni la kahawia lenye mishipa iliyojipanga. Hilo huondolewa palepale, ukiwa bado usingizini. Kundi la tatu ni la kahawia iliyokolea, mishipa imekatikakatika au haipo; hapo daktari hajaribu kukata, kwa sababu kansa huenda imeingia ndani ya ukuta. Huchukua vipande vidogo, huweka alama ya wino mweusi ukutani ili mpasuaji apajue mahali, na hukupeleka kwa timu ya upasuaji. Ukisikia umechorwa wino ndani ya utumbo, usishtuke. Ni alama ya mahali tu.

Baadhi ya hospitali sasa zina kompyuta inayotazama picha pamoja na daktari na kuzungushia alama sehemu inayoitilia shaka. Haimtolei daktari uamuzi. Ni kama mtu wa pili aliyeketi kando na kusema, hebu rudi pale.

Na kitu kimoja hakijabadilika: kilichokatwa bado kinakwenda maabara. Jicho la daktari linaamua cha kufanya dakika ile, maabara ndiyo inayothibitisha.

Polipu kubwa, na kazi iliyofanyika hapahapa Sydney

Polipu ndogo hukatwa kwa kitanzi cha waya. Kitanzi kinaizunguka, kinabana, basi. Ukuta wa ndani wa utumbo hausikii maumivu ya kukatwa.

Lakini zipo zile bapa zenye upana wa sentimita 2 au zaidi. Zamani mwenye nayo alikatwa kipande cha utumbo. Hospitali ya Westmead, safari ya treni kutoka hapa, ni kati ya vituo vinavyojulikana duniani kwa kuziondoa bila kupasua, chini ya Profesa Michael Bourke. Daktari hudunga maji maalumu chini ya polipu, ikainuka kama andazi kwenye mafuta na kuachana na ukuta, kisha anaikata kwa kitanzi kipande baada ya kipande. Tatizo lilikuwa kwamba polipu hizi zilirudi kuota pembeni mwa kidonda. Katika jaribio la hospitali za Australia lililochapishwa mwaka 2019, waliunguza kidogo ukingo wa kidonda baada ya kukata. Kwa wasiounguzwa, zilirudi kwa watu kama 21 kati ya 100. Kwa waliounguzwa, kama 5.

Naandika haya kwa sababu mtu akiambiwa polipu ni kubwa, anasikia kwamba amechelewa. Si lazima. Anaweza kuwa anatumwa kwa mtu mwenye ujuzi zaidi tu. Ukiambiwa unapelekwa hospitali nyingine, uliza kupitia mkalimani: ni kwa ajili ya kuondoa polipu, au kwa ajili ya kupasua? Ni maswali tofauti kabisa.

Jikoni, siku 3 kabla

Mwanga wa ajabu na kompyuta ni bure kama utumbo una uchafu. Polipu bapa inaweza kujificha chini ya tope jembamba, na daktari hawezi kutaja asichokiona. Mtu asiyejisafisha vizuri huambiwa arudi siku nyingine, na hapo ameharibu siku ya kazi na kunywa dawa ile chungu bure. Kwa hiyo nusu ya ubora wa kipimo hiki iko mikononi mwako, jikoni kwako.

Hospitali itakupa karatasi ya maelekezo, na karatasi yako ndiyo inayotawala, si makala hii. Ila karatasi hizo ziliandikwa kwa mtu anayekula tosti na tambi. Haziitaji sombe. Kwa lugha ya chungu chetu: siku hizo weka kando maharage, sombe au kisamvu, lenga-lenga, mchicha, matembele, mahindi, karanga, ufuta, nyanya zenye mbegu, na ugali wa dona au mtama. Wali mweupe unafaa. Mkate mweupe, yai, kuku asiye na ngozi, samaki mweupe na viazi vilivyomenywa vinafaa. Ugali wa sembe nyeupe, muulize muuguzi anayekupigia simu kabla ya siku.

Siku ya mwisho kabla ya kipimo kwa kawaida huli kitu, unakunywa vinywaji unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi: maji, chai kavu bila maziwa, mchuzi uliochujwa usio na chembe, juisi ya tufaha. Usinywe cha rangi nyekundu wala zambarau, kinaweza kuonekana kama damu kwenye kamera.

Kisha dawa ya kusafisha. Ni unga unaochanganywa na maji mengi, na mara nyingi unagawanywa: nusu jioni, nusu alfajiri au asubuhi. Watu wengi hutaka kunywa yote jioni ili walale. Usifanye hivyo, ile nusu ya pili ndiyo inayosafisha upande wa mbali wa utumbo, ambako polipu bapa hupenda kukaa. Weka dawa kwenye friji, inywe kwa mrija, na ukae karibu na choo. Kama nyumba yenu ina choo kimoja na watoto 6, panga mapema. Uko tayari pale kinachotoka ni maji ya njano mepesi kama mkojo.

Mambo 3 lazima umwambie daktari kabla ya kuanza. Kama una sukari na unatumia vidonge au insulini, kwa sababu hutakula. Kama unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Na kama unameza vidonge vya madini ya chuma, kama wengi wa akina mama zetu, kwa sababu hufanya choo kiwe cheusi cha kunata na huachwa siku kadhaa kabla. Kama ni mwezi wa Ramadhani, omba tarehe nyingine au zungumza na imamu wako mapema. Hospitali zimezoea ombi hilo.

Siku yenyewe

Ukiwa mgonjwa wa umma mwenye Medicare, katika hospitali ya serikali kama ile ya Campbelltown pale Therry Road, hulipii kipimo. Dawa ya kusafisha huenda ukainunua mwenyewe duka la dawa. GP akikuandikia rufaa, muulize wazi kama anakupeleka hospitali ya serikali au kliniki ya kulipia, na mwambie aandike kwenye rufaa kwamba kipimo cha nyumbani kimeonyesha damu. Mwongozo wa kitaifa unataka mtu wa aina hiyo afanyiwe kolonoskopi ndani ya siku 120. Usipopata tarehe wala simu, usikae kimya kwa adabu. Njoo tupige simu pamoja.

Omba mkalimani mapema, na taja lugha hasa: Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au nyingine. Hospitali ya serikali inamtoa bure. Usimtumie mtoto wako. Sizungumzii sheria tu: mtoto wa miaka 14 hatakiwi kuwa mtu wa kwanza kumwambia baba yake neno kansa, na baba hatasema mbele ya mtoto kwamba anatoka damu. Wapo wanaokataa mkalimani kwa sababu jamii yetu hapa ni ndogo, na wanaogopa habari zao zitafika kanisani au msikitini kabla yao. Mkalimani amefungwa na kiapo cha siri. Kama bado una wasiwasi, omba wa simu. Anaweza kuwa Perth, hakujui wala hakuoni. Unaweza pia kuomba mwanamke au mwanamume.

Sasa ile aibu. Utapewa vazi la hospitali na utafunikwa shuka. Unalala ubavu. Kwa kawaida unapewa dawa ya usingizi kwenye mshipa na hujui lolote hadi unapoamka, kama nusu saa baadaye, ukiwa na gesi tumboni na njaa kubwa. Mama anayetaka daktari mwanamke aombe tangu siku ya rufaa. Haiwezekani kila mara, lakini ombi hilo halimshangazi mtu.

Kabla ya dawa, daktari atakueleza hatari na utatia sahihi. Usitie sahihi kabla mkalimani hajamaliza. Hatari zipo ila ni nadra: utumbo kutoboka humpata kama mtu 1 kati ya 1,000 au pungufu, na damu kutoka baada ya kukatwa polipu, hasa kubwa. Damu hiyo inaweza kuja hata wiki 2 baadaye. Ukipata maumivu makali ya tumbo, homa, au damu nyingi, nenda Emergency au piga 000, usingoje asubuhi.

Baada ya dawa ya usingizi huruhusiwi kuendesha gari hadi siku inayofuata, na lazima mtu mzima akuchukue na akae nawe usiku huo. Kwa wajane, na kwa mama anayelea watoto peke yake Airds au Claymore, hili ndilo linaloahirisha kipimo kuliko hofu yoyote. Tuambie wiki 2 kabla, tutatafuta mtu wa kukusindikiza na wa kukaa na watoto.

Barua ya pili

Baadaye utapata majibu ya maabara kupitia GP. Neno utakaloliona mara nyingi ni adenoma. Linatisha kwa sababu linaishia kama majina mengine ya kansa. Adenoma si kansa. Ni polipu ambayo ingeweza kugeuka, na sasa imeshatolewa.

Barua itasema pia urudi lini. Inategemea zilikuwa ngapi, kubwa kiasi gani na za aina gani: mwingine baada ya miezi 6, mwingine miaka 3, 5 au hata 10. Andika tarehe hiyo mahali usipoweza kuipoteza, maana utakuwa umehama nyumba mara 2 kufikia hapo. Na kama imepatikana kansa, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako waliokwisha kuwa watu wazima, hata walioko Nairobi au Nyarugusu, kwa sababu wao wanapaswa kuanza kuangaliwa mapema kuliko watu wengine.

Kwa wale ambao hawajapata kifurushi

Kinatumwa kila baada ya miaka 2 kwa watu wa miaka 50 hadi 74, kwa anwani iliyoko Medicare. Kama umehama kutoka Minto kwenda Rosemeadow, hakikisha Medicare yenyewe ina anwani mpya. Tangu Julai 2024, mwenye miaka 45 hadi 49 anaweza kukiomba mwenyewe kwa simu 1800 627 701, au kwa GP wake. Ukitaka mkalimani, piga kwanza 131 450 na useme "Swahili".

Hapa kuna jambo letu sisi. Wangapi kati yetu tumezaliwa tarehe 1 Januari? Makarani wa kambini walitupa tarehe hiyo, na mara nyingine mwaka pia. Namjua zaidi ya mama mmoja ambaye karatasi zinamwita wa miaka 42 na ana mjukuu wa miaka 17. Kompyuta ya serikali itamtumia kifurushi miaka mingi baada ya wakati wake. Kama umri wako wa kweli ni mkubwa kuliko wa karatasi, mwambie GP. Huna haja ya kubadilisha viza wala kuogopa. Unamwambia daktari wako ili akupime kwa mwili ulio nao.

Ukipata kifurushi: sampuli ni 2, za siku ambazo umekwenda haja kubwa mara 2 tofauti. Usichukue ukiwa katika siku zako, wala siku 3 kabla au baada. Ya kwanza ikae kwenye friji ndani ya mfuko wake uliofungwa, si kwenye friza. Ndiyo, friji ileile ya maziwa. Waambie watoto wasiguse.

Mwisho, kama tayari unaona damu, au choo kimebadilika wiki kadhaa, unakonda bila sababu, au umeambiwa damu yako imepungua na hawajui kwa nini, usingoje kifurushi cha mtu yeyote. Hicho ni cha wasio na dalili. Mwone GP wiki hii, hata kama una miaka 35. Na kama kuna barua iliyokunjwa mahali nyumbani kwako, ilete ofisini siku yoyote ya kazi. Tutaisoma mlango ukiwa umefungwa.